Laini ya simu si mtu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuongee kuhusu tafiti za simu na intaneti zinazochapishwa kutuhusu sisi, na namna sisi waandishi wa programu tunavyozisoma. Mara nyingi tunakimbilia matokeo, tunazifurahia tarakimu, kisha tunaketi kuandika programu. Swali la kwanza tunaliruka: nani alihesabiwa?

Chukua utafiti wa Amy Wesolowski na wenzake uliotoka katika jarida la Science mwaka 2012. Walichambua kumbukumbu za simu na ujumbe mfupi za karibu laini milioni 15 za Kenya, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, bila majina ya wenyewe. Laini inapotumika, mnara ulioipokea huandikwa. Ukifuata minara hiyo, karibu 12,000 nchi nzima, unaziona safari za watu. Wakazilinganisha safari hizo na ramani ya malaria, wakaonyesha njia ambazo wasafiri huvipitisha vimelea kutoka eneo moja hadi jingine.

Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini hebu ilete Kwale. Kijana wa hoteli za Diani mwenye laini mbili za kampuni moja anahesabiwa watu wawili. Mama wa Kinango anayeazima simu ya jirani hayumo kabisa. Kule Vanga, simu ikishika mtandao wa Tanzania, mnara ulioipokea si wa kwetu. Na mtoto wa miaka 4 pale Msambweni, ambaye malaria humtesa kuliko mtu mzima, hana simu. Safari yake imejificha ndani ya laini ya babake, au haionekani popote.

Siwashtaki watafiti. Wao wenyewe walilichunguza jambo hili. Mwaka huohuo wa 2012, katika PLoS ONE, walionyesha kwamba umiliki wa simu Kenya mwaka 2009 ulitofautiana kwa eneo, jinsia na kipato, na ulikuwa mdogo hasa vijijini na kwa maskini. Mwaka 2013 wakapima kasoro hiyo inapotosha kiasi gani makadirio ya safari, wakashangaa kukuta haiyapotoshi sana.

Sawa. Lakini makadirio yanayofaa kwa nchi nzima yanaweza kukosea kijiji kimoja. Afisa akigawa vyandarua kwa kutazama ramani ya minara pekee, kosa ambalo kwenye jedwali ni dogo linaweza kuwa kijiji kizima kinacholala bila chandarua. Na programu aliyoitumia ni mimi au wewe tuliyeiandika.

Sasa tazama utafiti mwingine, wa Dejan Zurovac na wenzake, uliochapishwa na The Lancet mwaka 2011. Ulifanyika katika vituo 107 vya afya vya vijijini, Pwani na magharibi mwa Kenya. Kwa miezi 6, wahudumu wa nusu ya vituo walitumiwa ujumbe mfupi kwenye simu zao wenyewe, kuwakumbusha namna ya kumtibu mtoto mwenye malaria. Ikilinganishwa na vituo vingine, matibabu sahihi yalipanda kwa pointi 23.7 za asilimia. Miezi 6 baadaye tofauti ilikuwa pointi 24.5.

Hapa waliohesabiwa ni watoto 2,269 waliohitaji dawa, si laini. Mtoto hakuhitaji kuwa na simu ili anufaike. Ilitosha muuguzi wake awe nayo. Hata hivyo swali letu halikwepeki: mtoto ambaye hakufikishwa kituoni hakuhesabiwa hapa pia.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vijana wanaotengeneza programu za afya, uvuvi au kilimo huku kwetu ni hili. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, andika majibu matatu kwenye karatasi: nani amehesabiwa, nani ameachwa, na tukikosea ataumia nani. Ukiona anayeachwa ndiye huyohuyo atakayeumia, usiandike chochote bado. Panda matatu uende Kinango ukaulize watu.

Nyinyi mnaonaje?