Kabla ya kufagia, sema unafagia wapi

Nimekuwa kimya majuma kadhaa. Leo narudi na lalamiko, ingawa sehemu kubwa ya lawama ni yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita niliamua kusafisha msimbo wa mradi mmoja wa programu huria ambao sitautaja. Ilikuwa kazi ya kawaida tu: kuondoa vipande ambavyo programu haivitumii tena na kurekebisha majina yaliyoandikwa ovyo. Nilikesha siku tatu hapa Lurambi. Stima ilipotea mara mbili, na pesa za intaneti zilitoka mfukoni mwangu. Nilipotuma kiraka changu chenye mafaili zaidi ya 40, nikakuta mtu mwingine ametuma karibu kiraka kile kile siku moja kabla. Changu kikafungwa. Chake nacho kiligongana na kazi ya mtu wa tatu, na mpaka leo kinasubiri.

Je, ni bahati mbaya? Sidhani. Ni nadra watu wawili kubuni kipengele kipya kinachofanana. Lakini takataka sote tunaona zile zile. Tunatumia chombo kimoja cha kukagua msimbo, kinatupa maonyo yale yale, na kila mgeni anaanza na onyo la kwanza kwenye orodha. Isitoshe, usafi hugusa mafaili mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hugongana na kazi ya kila mtu.

Na nani huambiwa aanze na usafi? Wageni. Mwanafunzi wa Masinde Muliro anayetaka kuonyesha uwezo wake huambiwa asafishe kwanza. Akipoteza usiku tatu kwa kazi iliyokwisha kufanywa, huenda hatarudi tena. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma, kuliko mafaili yangu 40.

Dawa ipo, na iko karibu nasi. Mradi wa OpenMRS ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na mpango wa AMPATH wa Eldoret. Leo ndio msingi wa KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vya afya nchini. Kwa utaratibu wao, unatafuta tiketi, unaiweka kwa jina lako, ndipo unaanza kuandika. Mwenzako akifika anaona ina mwenyewe, anachukua nyingine.

Mgala muue na haki mpe: utaratibu huu nao una ubaya wake. Mtu anaweza kuandika jina lake kwenye tiketi kisha akapotea miezi mitatu, na wengine wanaogopa kuigusa. Hapo wachora ramani wametushinda. Wanaojitolea kuchora vijiji vya Tanzania kupitia Crowd2Map, mradi ulioanza mwaka 2015, hutumia chombo cha shirika la HOT kiitwacho Tasking Manager. Eneo zima hugawanywa vipande. Ukichukua kipande, kinafungwa ili mwingine asikichore. Usipomaliza, baada ya saa 2 hivi hufunguka chenyewe. Hakuna haja ya kumfuata mtu wala kugombana naye.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, kabla ya kusafisha, andika sentensi moja kwenye orodha ya kazi za mradi: nasafisha folda hii, naondoa kitu hiki. Pili, chukua folda moja, usichukue mradi mzima. Tatu, jiwekee siku 7. Zikiisha hujatuma kitu, kazi iwe huru bila kuuliza. Na ninyi wenye miradi, semeni wazi ni sehemu gani ziko katikati ya mabadiliko makubwa, ili tusifagie nyumba inayobomolewa.

Najua wapo watakaosema huu ni urasimu, kwamba uzuri wa programu huria ni kujifanyia bila kuomba ruhusa. Lakini kusema uko wapi si kuomba ruhusa. Wakati wa palizi huku kwetu Kakamega, ukiingia shamba la mahindi na jembe lako, unauliza kwanza wenzako wameshika mistari gani. Ukirudia mstari uliokwisha kupaliliwa, utachoka bure, na magugu ya upande wa pili yataendelea kukua.

Yule mwenzangu niliyegongana naye nilimwandikia barua pepe. Tumegawana folda zilizobaki: yeye amechukua sita, mimi tano. Yangu ya kwanza ilipokelewa juzi, na ilinichukua jioni moja tu.