Tuisheni Tunalipa, Maigizo Tunataka ya Bure

Mtaani kwetu Mbagala, mzazi akikosa hela ya tuisheni atakopa dukani kwa Mangi, maana mtoto hawezi kurudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Hela hiyo inatoka kila siku, mia tano hapa, elfu moja pale, na hakuna anayeuliza mwalimu wa tuisheni anaifanyia nini. Ni jasho lake. Mzazi huyohuyo nikimpelekea daftari la mchango wa kikundi cha maigizo cha watoto wetu, ananitazama kama mtu aliyekuja kumuuzia maji ya bahari. "Si wanacheza tu, mama?"

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya sherehe na sare za shule, na Januari silali kwa ajili ya hizo sare. Kwenye kikundi nashona maleba, na kwa kuwa nina sifa ya kutopoteza chenji, nikafanywa mweka hazina. Kwa hiyo ninayosema hapa nayasema nikiwa na daftari la hesabu mbele yangu. Kuna manila, gundi, maji ya kunywa, kukodi spika, nauli ya siku ya onyesho. Mtu anayewaongoza watoto hamna mahali alipoandikwa. Hajawahi kuandikwa.

Alisomea sanaa Bagamoyo. Katikati ya wiki anafanya anachopata. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watoto wapo, ndizo pia siku za harusi, na yeye ni mshereheshaji anayetafutwa. Sendofu moja tu inamlipia kodi ya chumba mwezi mzima. Basi kila Ijumaa jioni simu yake ikiita, mimi moyo unanidunda. Akiikubali kazi, kesho watoto watakaa kivulini hadi wachoke, warudi makwao. Akiikataa, nyumbani kwake ataulizwa sababu. Ameikataa mara nyingi kuliko nilivyotegemea, na siku atakapoacha kuikataa sitakuwa na neno la kumwambia.

Watu wengi wanadhani kuongoza watoto jukwaani ni kuwakaririsha. Wa kukaririsha tunao tele, nendeni mkatazame ngonjera za siku ya kufunga shule. Huyu wetu kazi yake kubwa ni kunyamaza. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni ya uwanja wa shule, watoto wanabishana, naye hasemi ila "ehe, halafu?"

Igizo lililonifanya nimwelewe lilikuwa la daladala. Watoto walitaka kumwonyesha konda anayewazuia wanafunzi mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Kila mtoto wa Dar es Salaam anayesoma mbali na kwao analijua hili: umesimama kituoni na sare yako tangu saa kumi na mbili, gari linapunguza mwendo, konda anakuona, anagonga bodi, gari linaondoka. Walikuwa na konda mbaya, wanafunzi wema, na mwishoni trafiki anamkamata konda, watu wanapiga makofi. Limekwisha.

Mvulana mmoja wa darasa la sita akasema baba yake ni konda. Wenzake wakacheka. Kiongozi hakuwakemea wala hakumtetea mtoto. Alimwuliza tu baba akirudi usiku anafanya nini. Mtoto akasema anamwaga hela mezani, anatenga ya mafuta, anatenga ya tajiri mwenye gari, na siku nyingine inayobaki haifiki ya unga. Akaeleza hesabu ya tajiri kwa ufasaha ambao sijausikia kwa mtu mzima: kwamba tajiri hajali gari lilibeba wanafunzi wangapi, jioni anataka hesabu yake kamili, kwa hiyo kila kiti anachokalia mwanafunzi konda anakiona kama pengo. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Igizo likavunjwa likaanza upya. Akaingizwa tajiri, amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu mwanzo hadi mwisho, hasimami, anapokea tu. Nilimshonea kanzu kubwa kupita kiasi kutokana na pazia la zamani, na msichana aliyeicheza nafasi hiyo aliipenda hata tukagombana naye kuirudisha. Trafiki akafutwa. Mwishoni gari linaharibika, konda na wanafunzi wanabaki kituo kimoja, hakuna anayejua la kufanya. Siku ya onyesho makofi yalichelewa. Mzee mmoja mwenye daladala mbili alisimama akaanza kubishana na watoto palepale, nao wakamjibu, kwa adabu lakini wakamjibu, na ubishi ule ulidumu kuliko igizo lenyewe.

Njia hii haikuzukia Mbagala. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha yakajadiliwa. Baadaye shirika la FAWE liliupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Mlama ndiye yule Penina Muhando wa Hatia na Nguzo Mama, na Lihamba ni mtunzi na mwigizaji ambaye nchi nzima inamjua. Yaani watu waliokuwa na uwezo wa kuwaandikia wale wasichana maneno mazuri kuliko mtu yeyote, waliamua kuwaachia wayatafute wenyewe. Mimi kiongozi wa maigizo ya watoto nampima hapo. Sauti, kipaji, cheti, hayo nayaangalia baadaye.

Sasa mweke mtu wa namna hii kwenye njaa uone. Shirika moja lilitujia na mradi wa kunawa mikono. Fulana zilikuja zimeshaandikwa, na igizo nalo lilikuja limeshaandikwa, lenye mama mchafu, mama msafi na daktari mwenye hotuba ndefu. Sina ugomvi na sabuni. Kipindupindu tunakijua sisi kuliko wao. Posho ilikuwepo, kiongozi wetu akalipa kodi bila kwenda harusi hata moja, nami nikafurahi kwa ajili yake. Lakini mazoezini ile "ehe, halafu?" haikusikika tena, kwa kuwa halafu yake ilikuwa tayari kwenye karatasi. Watoto wakubwa wawili, mmoja wao yule mtoto wa konda, wakaacha kuja. Mradi ukaisha. Fulana nyingine sasa nafutia mafuta ya cherehani.

Kuna pia wageni rasmi. Tuliwahi kualikwa kwenye hafla, watoto wakafika asubuhi na maleba yao, mgeni akafika jua likiwa utosini. Mratibu akatuambia igizo lipunguzwe liwe dakika chache, na mwishoni ziwekwe shukrani kwa mgeni. Shukrani za nini, hatukuambiwa. Kiongozi aliwahesabu watoto, akawapandisha kwenye Coaster, tukaondoka. Wapo wazazi waliosema ana kiburi. Mimi nilikuwa upande wake, ingawa nauli ya hiyo Coaster ilitoka kwenye kasha langu na iliniuma.

Aprili 2025 majirani zetu wa Kenya walituonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na igizo liitwalo Echoes of War, lililotungwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Lilikuwa limezuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru liruhusiwe, Malala akakamatwa, mabomu ya machozi yakarushwa, na tarehe 10 wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Kurusha moshi palipo na watoto kwa sababu ya igizo ni aibu, na sitafuti neno la kuipunguza makali. Lakini mabishano niliyoyasikia baada ya hapo yalikuwa ya mtunzi na serikali, serikali na mtunzi. Wale wasichana wangepewa karatasi tupu wangeandika nini? Sikumsikia aliyewauliza. Kiongozi wa watoto akiwa na jina kubwa kuliko wao, vita inakuwa yake na moshi unakuwa wao.

Jambo moja nalisema kwa ukali kwa sababu ni mama. Wazazi wanaleta watoto, wanawaacha getini, wanaondoka bila kujua hata jina la anayewapokea. Kwetu mtoto havalishwi na mtu mmoja ndani ya chumba. Tunakuwa wanawake wawili. Kiongozi jina lake lipo ofisi ya serikali ya mtaa, na magharibi haijawahi kumkuta na mtoto ambaye hajulikani anarudi na nani. Mtu anayekasirika akiulizwa haya, asipewe watoto, hata awe na kipaji gani. Na ni rahisi zaidi kumhoji mtu unayemlipa. Anayefanya bure tunamwonea haya, tunamwacha na mambo yake, halafu siku likitokea la kutokea tunaulizana alitoka wapi.

Nilipoanza kutafuta fedha ya kumlipa, kila nilikopita niliambiwa habari za mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kazi yangu ya ufundi naiheshimu mikopo hiyo. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, nao unakopesha wasanii. Ila mkopo unarudishwa. Igizo la watoto linalotazamwa bure uwanjani litarudisha kwa kitu gani? Nimuuzie tiketi muuza mihogo aje amtazame mwanawe? Msanii wa bongo fleva anakopa, anarekodi, anauza. Sisi tunachozalisha ni mtoto wa darasa la sita anayeweza kumjibu mwenye gari bila kutukana, na hicho hakina dalali.

Kwa hiyo ninachotaka ni ruzuku, na si kubwa. Kila mzazi mwenye uwezo achange kwa mwezi kiasi anacholipa tuisheni ya siku mbili. Asiye na uwezo mtoto wake aje vilevile, na asitajwe jina. Halmashauri iongezee. Kiongozi asaini na alipwe kila mwisho wa mwezi, na hesabu nizisome mbele ya wazazi wote, wanaopenda kuuliza waulize. Tukifika hapo, mwenye fulana zake akija tutamkaribisha, ila ataambiwa atoe mada na watoto watunge. Akikataa, njia ni ileile aliyojia.

Kuna atakayesema madawati hayatoshi, vyoo vya shule vimejaa, nami nazungumzia maigizo. Ni kweli vyoo vimejaa. Waliolisema hilo kwa sauti mtaani kwetu, mbele ya mwenyekiti na kamati yake, ni watoto, kwenye igizo.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na bajeti huanza kupikwa miezi mingi kabla. Madiwani wa Temeke na afisa utamaduni wetu, wekeni fungu la posho ya viongozi wa maigizo ya watoto katika kila kata. Na walimu wakuu, tuachieni geti la shule wazi Jumamosi mchana. Uwanja tutaufagia wenyewe.