Kaunti Iweke Fundi wa Zamu, Iache Kungoja Nyumba Zioze

Mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa mwezi Juni, utaona majukwaa ya miti yakisimamishwa kwenye nyumba za kupangisha za kaunti. Vijana wanapanda na ndoo za rangi, wanapaka ukuta ambao ndani yake maji yanavuja. Picha inapigwa, mkandarasi anaondoka. Mvua za vuli zikinyesha, ile rangi inaanza kuvimba malengelenge.

Nimefanya kazi ya bomba maisha yangu yote. Nilianza kibarua, nikawa msimamizi katika yadi ya manispaa moja ya Pwani, na siku hizi nina kampuni ndogo ya ukarabati. Niseme mapema kwamba nitakalopendekeza hapa chini laweza kuninufaisha na mimi. Msomaji apime mwenyewe.

Manispaa za Kenya zilipovunjwa mwaka 2013, nyumba zake ziliingia mikononi mwa serikali za kaunti, na nyingi wakati huo zilikuwa tayari zimechoka. Huku Pwani kuna adui mmoja ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana, naye ni chumvi. Hewa ya bahari huingia kwenye zege polepole hadi ifike kwenye vyuma. Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura hulipasua zege kutokea ndani. Ukitazama chini ya roshani ukaona ufa mwembamba umefuata mstari wa chuma, na doa la hudhurungi likitiririka kutoka hapo, bado umewahi. Fundi atabandua zege bovu, asugue chuma kwa brashi ya waya mpaka king'ae, apake dawa ya kutu, afunike kwa saruji iliyochanganywa vizuri. Akija baada ya miaka mitano, roshani yote ni ya kuvunjwa. Na kama katikati hapo mtu ameupaka ufa huo rangi, hata mhandisi atapita chini yake bila kuuona.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Hata afisa anayeandika bajeti ya kaunti anaijua. Kinachomfunga ni namna fedha zenyewe zinavyogawanywa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kanuni za mwaka 2015 zikaongeza kwamba mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Nia ilikuwa njema, kuzuia kaunti zisile kila kitu kwa mishahara na safari. Lakini angalia linalofuata. Kubadilisha mfereji unaovuja huandikwa kama matumizi ya kawaida. Kukarabati jengo zima lililooza huandikwa kama maendeleo. Fundi wa kudumu akistaafu, kumwajiri mwingine ni kuongeza mishahara. Basi nafasi yake inaachwa wazi, mfereji unavuja, ukuta unaoza, na siku jengo likishaharibika vya kutosha, linahesabiwa kuwa mradi wa maendeleo na kutangaziwa tenda.

Yadi yetu ya zamani haikuwa pepo. Vipuri vilitoka stoo kwa mlango wa nyuma, na wako mafundi ambao bila chai hawakuinua spana. Ila kulikuwa na daftari la malalamiko. Mpangaji alikuja asubuhi, akaandika jina, nambari ya nyumba na kilichoharibika. Fundi wa zamu alitoka na kijana wake na sanduku la vifaa, akirudi anatia sahihi. Daftari hilo lilitufundisha mengi kuliko ripoti yoyote. Ukiona nyumba nne za mstari mmoja zimelalamikia choo kwa juma moja, hupeleki fundi wa choo. Unakwenda kufunua chemba, maana kuna mzizi wa mti umeingia kwenye bomba la majitaka.

Leo malalamiko ya aina hiyo hupelekwa kwa mwakilishi wadi, naye huyabeba kama ahadi ya kisiasa.

Tenda nazo zina kasoro yake. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya kazi za serikali. Nasifu sana jambo hilo. Lakini mwenye kampuni changa anapopata LSO, yaani agizo rasmi la kazi, ananunua mabomba kwa pesa ya chama au mkopo wa Sacco. Kazi akaimaliza, ikakaguliwa, ikapita. Halafu anangoja. Mimi mwenyewe, katika kaunti ambayo sitaitaja, niliwahi kungoja hadi mwaka wa fedha ukageuka, nikaambiwa deni langu limeingia kwenye malimbikizo na sharti lihakikiwe upya. Aliyekopa kwa riba hawezi kustahimili hayo mara mbili. Wanaobaki uwanjani ni wenye mifuko mirefu au wenye jamaa ofisini, nao si wajinga. Wanajua watacheleweshewa, kwa hivyo bei ya ucheleweshaji wanaitia ndani ya zabuni tangu mwanzo. Ndiyo maana sinki la nyumba ya kaunti hugharimu kuliko sinki lile lile kwa jirani. Watu husema ni wizi, na mara nyingine ni wizi kweli, lakini sehemu yake ni riba ya serikali isiyolipa kwa wakati.

Wapangaji nao si malaika. Wapo walioandikishwa kwa kodi ya chini wakahamia kwingine, wakampangisha mtu wa tatu kwa bei ya soko, na kaunti ikabaki kupokea ile ile ya zamani. Kodi ya namna hiyo haiwezi kununua hata mifereji. Anayetaka nyumba zitunzwe akubali pia zihesabiwe, ijulikane nani analala wapi.

Ukarabati wa mara moja kwa mbwembwe umehamia hata kwa watu wasio na nyumba kabisa. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 ilikuta watu 46,639 wakiishi barabarani nchini Kenya, 15,337 kati yao Nairobi na 7,529 Mombasa. Mfuko wa kuwarekebisha ulikuwa umeundwa tangu 2003. Tunachokiona mtaani ni msako kabla ya mkutano mkubwa, lori, kisha kituo kilichofunguliwa kwa kukata utepe. Niliitwa mara moja kwenye kituo kama hicho. Vitanda vilikuwepo na magodoro bado yana nailoni, lakini tangi la majitaka lilikuwa dogo kwa idadi ile, limejaa, vyoo vyote vimefungwa kwa waya. Mkataba ulikuwa wa kukarabati na kukabidhi. Hakuna aliyeandikwa kuja kunyonya tangi. Wavulana walikuwa wameshaanza kurudi kwenye veranda za maduka, na msimamizi akaniambia hawa hawataki kusaidiwa. Nikamwonyesha vyoo.

Nikirudi kwenye nyumba zilizochoka, najua jibu la wakubwa: bomoa, jenga ghorofa. Buxton kule Mombasa nyumba za zamani zimevunjwa na majengo marefu yamechukua nafasi yake, na ada ya asilimia 1.5 inayokatwa mishahara chini ya Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 inajenga kwingine. Sipingi. Nauliza tu kama fundi: nyumba ya chini ikikosa matunzo, mpangaji hubeba ndoo kutoka mferejini. Ghorofa ya kumi pampu ikifa, lifti ikifa, anabeba ndoo hiyo hiyo kwa ngazi.

Lipo jambo linalowezekana bila kubadilisha sheria hata moja. Sheria ya ununuzi inaruhusu mikataba ya mfumo, hadi miaka mitatu, ambamo bei ya kila kazi hupatanwa mapema: kuzibua chemba kiasi fulani, kubadilisha mfereji kiasi fulani, kunyonya tangi la kituo kila baada ya miezi kadhaa. Fundi anaitwa inapohitajika. Kadi ya kazi inatiwa sahihi na mpangaji au matroni wa kituo kabla ya afisa wa kaunti, na bila sahihi hiyo hakuna malipo. Jedwali la bei libandikwe kwa chifu na ofisi ya wadi, kila mtu alisome. Na kaunti ibaki na mafundi wachache wake wenyewe, angalau mwashi na wa bomba, wanaoweza kumwambia mkandarasi uso kwa uso kwamba hapa umepaka rangi juu ya kutu.

Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla hayajapitishwa wananchi wana haki ya kusikizwa. Mara nyingi mikutano hiyo huwa na soda nyingi na maswali machache. Ukienda, fungua ukurasa wa idara ya nyumba, utafute mstari wa matengenezo ya kawaida ya majengo, uusome pamoja na ule wa ukarabati. Kisha umuulize mhasibu, mbele ya watu, kwa nini wa kwanza ni mdogo hivyo.