Namba kamili isiwe gunia la lumbesa

Nimekuwa kimya siku kadhaa, kazi za gazeti zimenibana. Leo tuache siasa kidogo niwasimulie jinsi kompyuta ilivyotaka kuniaibisha mbele ya mhariri.

Nilikuwa najumlisha thamani ya mikataba ya barabara ya halmashauri moja. Usiku, kwenye laptop yangu yenye Linux, niliandika kiprogramu kwa lugha ya C, ileile niliyofundishwa chuoni muhula mmoja. Jibu likaja: shilingi 3,100,000,000. Asubuhi nikaipeleka programu hiyohiyo, na takwimu hizohizo, kwenye kompyuta ya ofisini yenye Windows. Jibu: -1,194,967,296. Yaani makandarasi ndio walioilipa halmashauri!

Nani kakosea? Nilikuwa nimetumia aina ya namba kamili iitwayo long. Kwenye Linux ya biti 64, long ina biti 64. Kwenye Windows ya biti 64, long ina biti 32 tu, na mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukipita hapo, mara nyingi namba inageuka kuwa hasi. Na cha ajabu, kompyuta zote mbili zimefuata sheria! Kiwango cha kimataifa cha C kinasema tu kwamba int isipungue biti 16, na long isipungue biti 32. Ikizidi hapo, shauri yao.

Sheria ya namna hii tunaijua sokoni. Mkulima anasema gunia, mnunuzi anasema gunia, lakini la mnunuzi ni lumbesa, lina kichwa juu. Neno moja, vipimo viwili, na anayeumia ni yule aliyeliamini neno.

Siwalaumu wazee. Dennis Ritchie alipoitengeneza C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashine zilitofautiana sana. Kwenye PDP-11 int ilikuwa ya biti 16, kwenye Honeywell 6000 biti 36. Kuiacha kila mashine itumie ukubwa inaoumudu ilikuwa busara, na programu zilikimbia.

Lakini Java, iliyotoka mwaka 1995, iliamua moja: int biti 32, long biti 64, popote pale. C yenyewe mwaka 1999 ikaongeza majina yanayotaja ukubwa, kama int32_t na int64_t. Tatizo yamewekwa pembeni, kwenye faili la stdint.h, na huyapati mpaka uliite. Mwanafunzi bado anaanza na int.

Maoni yangu ni haya: mpangilio ugeuzwe. Jina la kawaida liwe na ukubwa mmoja kila mahali. Anayetaka ukubwa unaoipa mashine yake kasi, aombe kwa jina maalumu, kama int_fast32_t ambalo tayari lipo. Najua C haiwezi leo kubadili maana ya long, programu nyingi mno zingevunjika. Basi angalau majina yenye ukubwa yaingizwe ndani ya lugha yenyewe, na long iachiwe programu za zamani. Lugha mpya ndizo hazina kisingizio kabisa.

Mtaniambia hata kwenye Java namba hufurika. Kweli. Ila itafurika nyumbani na ofisini sawasawa, nami nitaliona kosa usiku uleule, kabla gazeti halijaenda mtamboni.

Tena hili linatuhusu sisi zaidi. Anayehesabu kwa dola anaweza kufanya biashara miaka mingi bila kuugusa mpaka ule. Kwa shilingi ya Tanzania, bilioni 2.1 haifiki hata dola milioni moja. Halmashauri moja tu inaupita!

Wataalamu wa kompyuta, nakosea wapi? Nisahihisheni.