Gharama ya kumlinda kipunji isibebwe na mkulima peke yake

Mkulima wa Kawetele, katika mji mdogo wa Tukuyu wilayani Rungwe, akiinua macho upande wa kaskazini anauona Mlima Rungwe, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi nyingi hauoni, umefunikwa na mawingu, na mawingu hayo ndiyo riziki ya wilaya nzima. Chai, ndizi, kahawa, maparachichi na majani ya ng'ombe wa maziwa vinategemea mvua na mito inayotoka huko. Ndani ya msitu huo yuko mnyama ambaye wengi wanaonufaika na maji ya mlima hawajapata kumwona. Wachache wanaomwona ni wale wenye mashamba pembeni mwa msitu, na wakati mwingine humkuta katikati ya mahindi yao.

Mnyama huyo ni kipunji. Ni kima mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia na nywele zilizosimama kichwani kama kishungi, na mlio wake ni kama honi iliyochanganyika na kubweka. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja, wataalamu wakidhani ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS walimwona kwa macho yao. Mwaka 2004 watafiti wengine, wasiojua habari za wenzao, walimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Mwaka 2005 akatangazwa duniani.

Kilichofuata kinawahusu wakulima moja kwa moja. Mkulima mmoja wa pembeni mwa mlima alikuwa ametega mtego shambani kwake kulinda mahindi, na mtego ukamnasa kipunji ambaye hajakomaa. Mzoga huo ndio uliopimwa mifupa na vinasaba, na mwaka 2006 watafiti wakaeleza kwamba mnyama huyu hafanani vya kutosha na kima wengine hata awekwe kundi moja nao. Akapewa ukoo wake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1923 kwa ukoo mpya wa kima kupatikana Afrika. Jina la Rungwe liliingia katika vitabu vya sayansi kwa njia ya mtego wa shamba la mahindi, na habari hiyo ikazunguka dunia. Mahindi yenyewe hayakuwa habari.

Hesabu ya kwanza ya kipunji, iliyochapishwa mwaka 2008, ilitoa idadi ya 1,117 tu, karibu wote wakiwa Rungwe na misitu ya Livingstone, na wachache kabisa Ndundulu. Nje ya Tanzania hayupo popote. Hatua zikachukuliwa. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na inayosifika zaidi kwa maua yake, ilijumuisha msitu wa Livingstone. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukapandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Doria ziliongezeka, miti ikapandwa, shule zikafundishwa. Hesabu iliyofanywa baada ya zaidi ya miaka kumi ilikuta kipunji karibu 2,000, na mnyama huyo akaondolewa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, akawekwa katika daraja linalofuata. Bado yuko hatarini, lakini katika bara ambalo habari za wanyamapori mara nyingi ni za kupungua, huu ni ushindi usiopaswa kubezwa.

Swali ni nani analipia ushindi huo. Msitu ukistawi na kima wakiongezeka, shamba la kwanza wanalokutana nalo wakitoka ni la yule mwenye ekari moja au mbili mpakani. Kipunji si mharibifu pekee, wala huenda si mkubwa kuliko wote; wapo tumbili, wapo nguruwe pori. Lakini mkulima anayeamka na kukuta mistari mitatu ya mahindi imevunjwa hana muda wa kuchunguza nyayo. Inambidi ajenge dungu na kuamia shamba tangu alfajiri hadi jioni, kwa wiki kadhaa, na asipokuwa na nguvu kazi ya kutosha, anayeamia ni mtoto ambaye angekuwa darasani. Akichoka hutega gogo au tanzi, na tanzi halichagui. Linaweza kumnasa nguruwe leo na kipunji kesho, na hapo mkulima amevunja sheria.

Neno kifuta jasho linajulikana sana kwa waliovamiwa na tembo au kiboko, na hata hao hulalamika kwamba fedha huchelewa na hazifikii thamani ya mazao. Aliyeliwa debe mbili za mahindi na kima hana hata pa kuanzia kudai. Kumwambia mtu huyo kwamba kipunji ni fahari ya taifa ni kweli, ila fahari haisagwi mashine.

Nchi za jirani zimejaribu njia nyingine. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa ajili ya wananchi wanaozizunguka, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Uganda hutoa asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi. Sokwe wa milimani wa nchi hizo na Kongo sasa wamepita 1,000, na mgao huo umesaidia majirani wa hifadhi kuona kwamba na wao wamo. Hata hivyo Rungwe haiwezi kunakili mpango huo kama ulivyo. Sokwe huvuta watalii wanaolipa mamia ya dola kwa saa moja; kipunji hukaa juu ya miti katika mvua na ukungu, na wageni wanaomfuata ni wachache. Anayesubiri watalii wamlipe mkulima wa Rungwe atasubiri sana.

Alichonacho Rungwe ni maji. Mito ya Kiwira na Mbaka inashuka kutoka milima hii hadi Ziwa Nyasa, ikipita kwenye chai na kuishia kwenye mpunga wa Kyela. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina makao yake hapo hapo Tukuyu, na watumiaji wakubwa wa maji hulipia vibali. Si jambo la ajabu kudai kwamba sehemu ya fedha hizo, hata ikiwa ndogo, ipande mlimani na kufika katika vijiji vinavyopakana na msitu: kulipa walinzi wa mashamba msimu wa mahindi, na kununua miche. Halmashauri nayo, inayokusanya ushuru wa mazao yanayonyweshwa na mlima huo huo, haina sababu ya kukaa kando.

Miche ni jambo la kutazamwa kwa makini. Maofisa ugani wamekuwa wakishauri kwamba mahindi yasipandwe hadi kwenye ukingo wa msitu, na badala yake ipandwe chai, ambayo kima hana haja nayo. Ushauri ni mzuri, lakini chai huchukua kama miaka 3 kabla ya kuchumwa kwa faida, na bei ya majani mabichi imewavunja moyo wakulima wadogo wengi. Katika miaka hiyo familia itakula nini? Bila mkopo wenye riba nafuu, au angalau miche ya bure na soko la uhakika, mahindi yatabaki pale pale.

Wafanyabiashara wadogo nao hawakwepi. Mkaa na mbao vinavyouzwa mijini vina mahali vinapotoka, na kila mti wa asili unaoangushwa unamsogeza kima karibu zaidi na shamba la mtu. Mwenye duka la mkaa anayeuliza mzigo umetoka wapi, na kukataa usio na kibali, anamsaidia mkulima wa mpakani kuliko semina nyingi.

Kuna mahali paitwapo Bujingijila, kati ya msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone, ambapo miti ilikatwa kwa miaka mingi hadi misitu miwili ikakaribia kutengana na makundi ya kipunji kubaki kila moja upande wake. Miti ya asili imekuwa ikipandwa upya hapo ili kima wapite. Itakapokomaa, watapita wengi zaidi, na pembeni mwa njia hiyo kuna watu wanaolima. Mpango wa nani ataamia mashamba hayo, na kwa fedha ya nani, unatakiwa uwe umeandikwa kabla miti haijafunga.