SI USHAMBA WA NYANYA

Muhula huu kikundi chetu cha kusoma cha kila Ijumaa kililetewa jambo geni na mwalimu mlezi: namna wataalamu wanavyopima kama kifaa ni rahisi kutumia. Wengine walinung'unika, eti hayo ni ya watu wa kompyuta, chama cha Kiswahili yanakihusu nini? Mimi nasema yanatuhusu sana.

Njia tulizosoma ni mbili. Ya kwanza waliieleza Jakob Nielsen na Rolf Molich mwaka wa 1990. Wataalamu wachache wanakikagua kifaa kwa kufuata kanuni: je, kinatumia maneno anayoyajua mtumiaji? Akibonyeza pasipofaa, anaweza kurudi nyuma? Mwaka wa 1994 Nielsen alizipanga zikawa kanuni 10. Njia ya pili ni kumketisha mtu wa kawaida, kumpa kazi, kisha kumtazama tu bila kumsaidia. Nielsen anadai kwamba watu 5 wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya kasoro.

Hapo mjadala ukawaka moto! Wenzangu wengi waliisifu njia ya kwanza kwa kuwa ni ya haraka na haina gharama. Mimi nilikataa na bado nakataa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hao watano, ni akina nani? Ukiwachukua wote kutoka Kidato cha Tatu, watakuambia simu ni mteremko.

Nyanya yangu hutumiwa pesa kwa simu. Maandishi yote ni ya Kiingereza, basi yeye humpa kijana wa dukani simu pamoja na namba yake ya siri. Siku moja pesa zikapungua, na watu wakasema ni ushamba wake. Nilipoichunguza ile simu, lo! Kiswahili kilikuwamo, kimefichwa chini kabisa ya orodha, na pa kukichagulia pameandikwa kwa Kiingereza. Sasa asiyejua Kiingereza atafikaje hapo?

Wala si wazee wetu peke yao. Katika uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka wa 2000, wilaya ya Palm Beach katika jimbo la Florida ilitumia karatasi yenye majina ya wagombea pande mbili na matundu katikati. Kura zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa mara mbili. George W. Bush alishinda jimbo hilo kwa kura 537 tu. Je, hao nao ni washamba?

Naomba muhula ujao tusiishie kusoma. Kila mwanachama aketi na mzee mmoja nyumbani, ampe kazi ya kubadilisha lugha ya simu, na aandike anapokwama. Usimnyang'anye simu! Halafu tupime maneno yetu wenyewe, maana walimu watanisamehe, Kiswahili sanifu nacho kinaweza kumfungia mtu mlango. Nilimwuliza nyanya maana ya "ghairi", akanitazama tu. Nilipomwambia "acha", alielewa papo hapo.

Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu wa chama.