Ng'ombe Asiyekamuliwa Naye Ana Njaa



Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia ng'ombe. Sisi wauguzi tunalo neno. Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hufungiwa zizini na kuletewa majani, maziwa ni chakula cha watoto na pia ni fedha ya daftari na sabuni. Ng'ombe akilishwa vibaya, nyumba nzima huumia.

Familia nyingi humpa pumba na mashudu ng'ombe anayekamuliwa tu. Aliyekaushwa kwa sababu ya mimba huachiwa migomba mitupu, eti haleti kitu. Kwa maoni yetu, huko ni kujipunja wenyewe. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, na ndama hukua zaidi katika miezi 3 ya mwisho. Kwa hiyo akaushwe miezi 2 kabla ya kuzaa, apate majani mazuri, pumba kiasi na maji. Mgomba una maji mengi na chakula kidogo. Ng'ombe anayezaa akiwa amekonda hutoa maziwa machache, tena huchelewa kushika mimba nyingine.

Ndama naye asisahauliwe. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga akiwa tumboni, lakini ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Kinga yake imo katika dang'a. Ndama wa kilo 30 apewe lita 3 hivi katika saa 6 za kwanza, kwa maana baada ya siku moja utumbo wake hauipokei tena kinga hiyo. Dang'a haiuzwi, basi tumnyime kwa faida gani? Baadaye apate lita 4 hivi za maziwa kwa siku, na tangu wiki ya 2 aonjeshwe majani laini na maji safi. Tusimwachishe maziwa kabla ya miezi 3 ili tu kujaza ndoo ya kuuza.

Anayekamuliwa anahitaji maji mengi, lita 60 na zaidi kwa siku. Ndoo moja asubuhi na moja jioni hazitoshi.

Kanuni hiyo ya zizini ndiyo ya jikoni pia: tuwaangalie kwanza wenye mimba, wanaonyonyesha na wachanga. Mama mjamzito asile makombo. Mtoto anyonye dang'a ya mama yake ndani ya saa ya kwanza, na maziwa ya mama tu hadi miezi 6. Akivuka umri huo, aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine, na kikombe chake cha maziwa yaliyochemshwa kitengwe kabla ndoo haijatoka nyumbani.

Akina baba, kabla ya kuuliza ng'ombe ametoa lita ngapi, tuulize amekula nini.